Mapenzi, Baiskeli na Bukta ya Sponji

Mwezi huu naomba tuzungumzie makalio. Usicheke, na usifungue ukurasa mwingine. Nazungumzia makalio yako mwenyewe na ya mwenzako, na yale yanayoyakuta pale mnapoamua kuwa uhusiano wenu unahitaji hewa safi, mkaenda kununua baiskeli mbili.

Mnaofuatilia safu hii mnajua kuwa mimi na mume wangu ni watu wa ofisi. Asubuhi foleni, jioni foleni. Jumamosi yeye alikuwa wa mpira na washkaji zake, mimi wa saluni na vikao vya harusi za watu. Jumapili tunakutana sebuleni tumechoka, kila mmoja kainamia simu yake. Hatukuwa tumegombana. Tulikuwa tumezoeana tu, na mazoea nayo yana tabu zake.

Wazo la baiskeli lilikuwa lake. Siku hiyo alirudi nyumbani anachekacheka, akanionyesha picha ya baiskeli mbili za mitumba, moja nyekundu, moja ya bluu. "Mke wangu, tufanye kitu pamoja." Yaani nilimwangalia nikaona kama nimerudishwa enzi za uchumba. Nikakubali siku ileile.

Tulianza kidogokidogo. Kilometa 10 Jumamosi alfajiri kabla magari hayajajaa barabarani, baadaye 20. Raha tupu! Tunarudi na jasho letu, tunakunywa chai pamoja, tunazungumza. Basi tukajiwekea lengo: siku ya kumbukumbu ya ndoa yetu tutaendesha kutoka Dar hadi Bagamoyo, kilometa 50 na ushee, tulale huko na kesho yake turudi.

Tuliishia Mapinga

Tuliondoka saa 11 alfajiri. Tegeta nilikuwa naimba. Boko nikanyamaza. Bunju nikaanza kukalia upande mmoja, nikichoka nahamia wa pili. Tulipofika Mapinga nikashuka, nikaiegemeza baiskeli kwenye mti, nikamwambia mimi siendi tena.

"Tatizo nini?"

"Nimechoka."

"Umechoka nini na jua lenyewe halijawaka?"

"Nimesema nimechoka!"

Basi tukapata pikapu, baiskeli nyuma, sisi mbele pamoja na dereva, hakuna anayesema neno. Hoteli tuliyoweka nafasi Bagamoyo ikala hela yetu bure.

Ukweli ni kwamba sikuwa nimechoka hata kidogo. Nilikuwa naumia. Nilivaa taiti yangu ya pamba ya mazoezi, ndani chupi nzuri ya lesi kwa sababu si ilikuwa siku yetu bwana. Kufika Bunju ile lesi ilikuwa imeshanichuna ngozi. Nilipoingia bafuni nyumbani, maji yalipogusa pale, nilipiga kelele mpaka jirani akauliza kulikoni. Lakini kumwambia mume wangu niliona aibu. Nitaanzaje? "Mpenzi, nimechubuka huku"? Nikauchuna.

Wiki zilizofuata nikawa mtu wa visingizio. Kichwa kinauma, nina ripoti ya kumalizia, mama amesema nipite. Yeye akaenda peke yake mara moja, mara mbili, kisha naye akaacha. Baiskeli zikabaki barazani zinashika vumbi. Mimi nikawa najisemea: umeona, ameshanichoka. Kumbe na yeye anajisemea hivyohivyo.

Siku iliyotuokoa ilikuwa ya kawaida kabisa. Nilijaribu kuendesha peke yangu mtaani, kidonda kikafumuka upya, nikawa natembea sebuleni kama kijana aliyetoka jando. Akaniuliza. Safari hii nikamweleza yote, machozi yananitoka. Nilitegemea atacheka. Hakucheka. Alikaa kimya, halafu akaniambia kwa sauti ndogo kwamba yeye kila tukiendesha zaidi ya saa nzima huko mbele kunakufa ganzi. Alikuwa akiogopa kuniambia, tena alikuwa akiogopa hata usiku wenyewe wa Bagamoyo. Siku ile niliposhuka Mapinga alimshukuru Mungu kimoyomoyo.

Jamani! Watu wawili tuliooana miaka sita, kila mmoja anajua namba ya siri ya kadi ya benki ya mwenzake, tumeshindwa kuambiana panauma wapi.

Tangu siku hiyo tukaamua kujifunza, na tulichojifunza ndicho ninachotaka kuwapa leo. Kati ya vitu vyote utakavyomnunulia mwenzako ili mwendeshe mbali, muhimu kuliko miwani na kofia ya mbwembwe ni bukta ya kubana yenye sponji katikati ya miguu. Kofia ngumu ya kulinda kichwa hiyo si ya kujadili, nunua. Ila ukitoka hapo, anza na bukta.

Mbona babu hakuvaa?

Najua swali lako. Babu aliendesha Phoenix yake kijiji hadi kijiji, gunia nyuma, suruali ya kawaida, na hatukumsikia akilalamika. Kweli kabisa. Lakini baiskeli ya babu ina siti pana yenye springi chini, na usukani wake uko juu, kwa hiyo alikaa wima na uzito ukatua kwenye mifupa. Baiskeli hizi za sasa za mwendo mrefu zina siti nyembamba na usukani wa chini. Unainama mbele, na ukiinama, uzito unasogea kutoka kwenye mifupa kwenda kwenye nyama laini ambazo Mungu hakuziumba zikaliwe.

Mifupa yenyewe unaweza kuitafuta sasa hivi. Kaa kwenye kiti kigumu, weka viganja chini ya makalio, jitikise kidogo. Utasikia vifundo viwili vigumu. Hiyo ndiyo mifupa ya kukalia. Kazi ya bukta nzuri ni tatu tu: kuweka sponji chini ya vifundo hivyo viwili, kuzuia ngozi isisuguane na kitu chochote, na kuondoa jasho. Ikishindwa moja, usiku utalala kifudifudi.

Hata wazungu wenyewe walianza na mateso. Zamani waendesha baiskeli wa Ulaya walivaa kaptura za sufi zilizoshonewa ndani kipande cha ngozi laini ya shamoa, mnyama wa milimani anayefanana na mbuzi. Ngozi ile ikifuliwa na kukauka inakakamaa, ikabidi waipake mafuta kabla ya safari. Halafu mwaka 1958 mkemia Joseph Shivers wa kampuni ya DuPont huko Marekani akagundua uzi unaovutika tunaouita lycra, na kadiri miaka ilivyokwenda sufi ikaachwa. Ngozi nayo ikapisha sponji na vitambaa vya kiwandani. Kilichobaki ni ile desturi ya kupaka mafuta, na tutaifikia.

Unene usikudanganye

Kosa letu la kwanza dukani lilikuwa kuminyaminya bukta zote na kuchagua yenye sponji nene kuliko zote. Tuliona kama tunanunua godoro. Kumbe ndilo kosa la kila mgeni.

Sponji nene iliyo laini kama kochi inakufurahisha dakika kumi za mwanzo. Baada ya saa moja imeshalala, mifupa imegusa siti, na zile nyama za sponji za pembeni zimejikunja zinakusugua mapajani. Kinachotakiwa ni sponji iliyoshiba, siyo iliyovimba. Ipime hivi: weka sponji kati ya kidole gumba na cha shahada, kisha bana kwa nguvu. Kama vidole vinakutana kirahisi, hiyo ni ya kuzungukia mtaani. Kama inakukatalia, na ukiachia inarudi hapohapo, hiyo ndiyo ya safari.

Angalia pia kama ina unene tofauti sehemu tofauti. Nzuri huwa nene pale nyuma mifupa inapokaa, nyembamba inapoelekea mbele, na kingo zake zinaishia taratibu bila kuacha ngazi. Nyingi zina mfereji katikati wa kupunguza msukumo kwenye msamba. Ukiona sponji ni kipande kimoja bapa kimeshonewa tu kama kiraka, rudisha.

Yake si yako

Shosti, usikubali kuvaa bukta ya mumeo eti kwa sababu anayo ya ziada. Kwa kawaida mifupa ya kukalia ya mwanamke imepishana zaidi kuliko ya mwanaume, kwa hiyo sponji ya kike huwa pana nyuma na fupi mbele. Ya kiume ni nyembamba zaidi na inaendelea mbele kidogo ili kushikilia vya kwake visihangaike. Ukivaa ya kwake, sponji inakaa mahali ambapo huna haja nayo na pale penye haja hakuna kitu. Kila mtu na yake. Hapa ndipo mapenzi hayataki kushirikiana.

Na kaka zangu, mkinunua kwa ajili ya kumshtukiza mwenzako, muulizeni saizi kwanza. Bukta ya kubana si kitenge, haina "itamtosha tu". Ikiwa kubwa, kitambaa kinajikunja na kila mkunjo ni kisu. Ikiwa ndogo mno, inabana tumbo na kuzuia pumzi. Inatakiwa ikukae kama ngozi ya pili.

Kuijaribu nako kuna namna yake. Ukisimama mbele ya kioo utajiona kama mtoto aliyevaa nepi. Ni kawaida, usikate tamaa. Bukta hii haikushonwa kwa ajili ya kusimama. Inama kama umeshika usukani, inua goti moja mpaka karibu na kifua, kisha la pili. Kama sponji inabaki palepale bila kuhama, umepata. Kama inabaki nyuma wewe ukienda mbele, ijaribu nyingine. Tena ukiwa umeinama hivyohivyo, mwombe mwenzako aangalie nyuma kama kitambaa kinaonyesha. Bora aseme yeye dukani kuliko dereva wa daladala barabarani.

Mambo madogo yanayochinja

Geuza bukta ndani nje. Pitisha kidole kwenye kila mshono. Mishono iwe bapa, na upande wa ndani wa paja, pale panapogusana na pua ya siti, ikiwezekana isiwepo kabisa. Mshono mdogo ambao dukani huusikii, baada ya kukanyaga pedali mara elfu kadhaa unakuwa msumeno.

Angalia miguuni. Bukta za bei poa zina lastiki nyembamba inayokata paja kama uzi unaokata sabuni. Zilizo bora zina mkanda mpana laini unaoshika bila kukaba. Urefu ufike katikati ya paja au karibu na goti, maana ikiwa fupi inapanda juu na paja linaachwa wazi likisuguana na siti.

Kiunoni una chaguo mbili. Zipo za lastiki, na zipo zenye kamba pana zinazopita mabegani kama ovaroli. Za kamba ni tamu kwa safari ndefu kwa sababu hazibani tumbo na zinashikilia sponji isishuke. Tabu yake ni haja ndogo, hasa kwetu wanawake: lazima uvue fulana kwanza, na kichaka cha Kerege hakina mlango. Wapo wanaotengeneza za kike zenye kifungo au zipu ya kushusha nyuma bila kuvua juu. Kama huna hakika, anza na ya lastiki pana. Mimi ndiyo ninayovaa mpaka leo.

Kitambaa kiwe cha nailoni iliyochanganywa na lycra. Pamba tunaipenda kwa joto letu hili, lakini kwenye baiskeli pamba ni adui. Inakunywa jasho, haikauki, na ngozi iliyolowa inachubuka upesi.

Na sasa lile la kunong'ona

Ndani ya bukta ya sponji havaliwi kitu. Narudia: huvai chupi, huvai boksa. Najua kwa tulivyolelewa hili ni gumu, mimi mwenyewe nilibisha wiki nzima. Nilivaa bukta mpya ya gharama na chupi ya pamba ndani, nikarudi na michubuko ileile, nikaanza kumlaani muuza duka. Kosa lilikuwa langu. Chupi ina mishono, ina lastiki pale kwenye kinena, tena inashika jasho. Ukiivaa ndani umeweka msasa kati ya ngozi na kile ulichonunua kuizuia misasa. Ile sponji na kitambaa chake ndiyo nguo ya ndani yenyewe. Siku nilipokubali, kilometa 40 zilipita nikajiuliza kama nimesahau kitu.

Kuhusu heshima barabarani, sikiliza. Hakuna aliyesema lazima utembee na taiti mbele za watu. Zipo bukta nyepesi za sponji zilizoshonwa kuvaliwa ndani, na juu yake unavaa kaptura pana, au suruali pana unayoifunga chini isiingie kwenye mnyororo. Wanawake wanaojistiri wanaendesha hivyo bila shida. Mimi kwenye begi langu kuna khanga kila safari. Tukisimama kunywa maji naifunga kiunoni, napiga stori na wamama wauza mahindi, hakuna anayenitumbulia macho.

Mafuta yale niliyoahidi ni krimu maalumu ya kupaka kwenye ngozi sehemu zinazosuguana na kidogo juu ya sponji kabla ya kuondoka. Kwa safari ya saa moja huhitaji. Ikizidi saa mbili kwenye joto la Pwani, utaishukuru. Chagua isiyo na manukato, na kina dada muwe waangalifu zaidi, maana kuna nyingine zina kitu cha kupoza kama dawa ya misuli. Kwa mwanaume inasisimua. Kwa mwanamke ni moto. Mafuta mazito ya mgando yanasaidia ngozi, ila yanang'ang'ania kwenye sponji na kufua kwake ni kazi.

Mtumba, kufua na kustaafu

Mimi ni mtoto wa mitumba, sioni aibu kusema. Gauni langu la send-off ya dada nililitoa Karume na kila mtu aliuliza nimelitoa duka gani. Lakini bukta ya sponji ya mtumba sikushauri. Kwanza, ni nguo ya ndani ya mtu, hebu tuliite jina lake. Pili, sponji ina maisha yake, na iliyoletwa kwenye robota mara nyingi yamekwisha. Kitambaa kinang'aa, sponji imekufa. Kama bajeti ni ndogo, bora mpya moja ya kawaida iliyokukaa vizuri kuliko mtumba wa jina kubwa.

Ukiweza, kusanya pesa pole pole upate mbili. Kila safari inataka bukta safi. Ukifika nyumbani, kabla ya stori, kabla ya chai, kabla ya kupiga picha, vua. Sponji yenye jasho ni shamba la bakteria na fangasi, na wewe ndiye mbolea. Oga, jikaushe, vaa kitu kilegevu.

Fua siku hiyohiyo kwa maji ya kawaida na sabuni isiyo kali. Usiweke dawa ya kulainisha nguo, inaziba vitundu vya kutolea jasho. Usipige pasi. Ianike ndani nje mahali penye upepo, isishinde kwenye jua kali kwa siku nzima, maana jua linaua lycra. Hakikisha sponji imekauka hadi ndani kabla hujaikunja.

Utajuaje imechoka? Sponji ukiibana hairudi, lastiki imelegea, au kitambaa cha nyuma kimekuwa chepesi kama wavu. Hili la mwisho huwezi kuliona mwenyewe. Anayeliona ni anayekufuata nyuma. Mwambieni mapema kwamba mwenzako akikuambia "bukta yako imeisha", hajakutukana.

Bukta haitibu kila kitu

Tukirudi kwa mume wangu na ile ganzi yake. Bukta mpya ilimsaidia nusu. Nusu nyingine ilikuwa siti. Ilikuwa juu mno, kila akikanyaga kiuno kinayumba kushoto na kulia, na pua yake imeinuka inamchoma. Tuliishusha kidogo, tukailaza iwe sawa na ardhi. Pia akajifunza kusimama juu ya pedali kila baada ya dakika 10 hivi ili damu ipite. Ganzi ikaondoka.

Kaka zangu, msilichukulie poa. NIOSH, taasisi ya serikali ya Marekani inayochunguza afya na usalama kazini, iliwafuatilia askari polisi 90 wanaofanya doria kwa baiskeli, na matokeo yakachapishwa mwaka 2008. Askari wale walibadilishiwa siti wakapewa zisizo na pua, wakazitumia kwa miezi sita. Msukumo kwenye msamba ulipungua, na wengi waliokuwa wakipata ganzi hawakuipata tena. Kwa hiyo ganzi ni mishipa inakuambia kwamba imebanwa. Ukiendelea kujikaza kiume, unahatarisha kitu ambacho nyote wawili mnakihitaji.

Na kwa wote: mchubuko mdogo upe siku chache za kupumzika, uoshe, uuache upate hewa. Ila kama kimekuwa jipu linalokua, lina joto na usaha, au una homa, au ganzi haiishi baada ya kushuka, au umeona damu kwenye mkojo, nenda hospitali. Usilikamue jipu mwenyewe, na usimwombe mwenzako alikamue kwa sindano kwa sababu tu ana mkono mwepesi.

Huko kukoje?

Miezi mitatu baada ya Mapinga tuliondoka tena saa 11 alfajiri, bila sherehe, bila hoteli. Bukta zetu mbili nyeusi, yake na yangu, kila moja imechaguliwa na mwenyewe. Tuliwekeana sharti moja: kila baada ya kilometa 10 tunasimama, na kila mmoja anamuuliza mwenzake, "Huko kukoje?" Na jibu lisiwe "poa tu".

Boko akaniuliza, nikamwambia mkunjo mmoja unanisumbua kulia. Tukasimama nikaurekebisha. Bunju nikamuuliza, akasema ganzi inanukia, akatembea kidogo. Mapinga tulipita, ule mti ninaufahamu, nikaupungia mkono. Kerege, Zinga. Tulipoiona bahari ya Bagamoyo nilikuwa nimechoka kwelikweli, miguu inatetemeka, lakini nimekaa kwenye siti na makalio yote mawili. Nilifunga khanga yangu, tukala samaki wa kukaanga kwa mikono, tukarudi jioni kwa gari, baiskeli nyuma. Safari hii tulipiga stori njia nzima.

Sasa hivi lile swali limehamia nyumbani. Akirudi kazini uso umekunjamana, namuuliza, "Huko kukoje?" Nikikaa kimya mezani, ananiuliza vilevile. Mara nyingine jibu linahusu bosi, mara nyingine ada za shule, mara nyingine mama mkwe. Wiki iliyopita niliulizwa mimi, na nikagundua nilikuwa nimebeba jambo moja tangu Jumatatu. Nikalisema. Tulilimaliza kabla chai haijapoa.

Basi Jumamosi hii, kama baiskeli zenu nazo zinashika vumbi barazani, hebu msianze kwa kulaumiana nani mvivu. Mwulize mwenzako panauma wapi. Halafu nendeni dukani wote wawili, mkazibane sponji kwa vidole.

Tukutane mwezi ujao.